Kulungu alilala na ngozi usiku kucha, asubuhi paja likanuka: nile nini, nitupe nini?

*"Shikamoo daktari. Naishi Kentucky, huu ni mwaka wa sita, nimekulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma. Jumamosi rafiki yangu wa kazini alinipeleka kuwinda kwa bunduki, nikapata kulungu wangu wa kwanza, dume mkubwa, yapata saa kumi na moja jioni. Risasi ilimpata kifuani. Mchana kulikuwa na nyuzi 65 za huku, usiku zikashuka hadi 48. Tulimtoa matumbo baada ya saa mbili hivi, tukamwosha kwa maji ya kijito, tukamlaza kwenye pikapu na ngozi yake na kumfunika turubai. Asubuhi nilipomchuna, mabega yalikuwa mazuri, lakini paja alilolalia, nilipofika karibu na mfupa wa nyonga, nyama ilikuwa ya kijani na harufu mbaya. Wenzangu wanasema kosa ni kutomkata shingo damu itoke. Mzee mmoja kanisani anasema nichemshe sana, moto unaua kila kitu. Mke wangu ameloweka paja hilo kwenye ndimu na chumvi, nyama nyingine iko friza. Nyumbani tulichinja mbuzi jioni bila friji na hakuharibika. Mke wangu ni mjamzito na tuna watoto wawili. Nile nini, nitupe nini, na mwakani nifanyeje?"*

Marahaba, ndugu yangu. Nianze na lile beseni la ndimu, maana ndilo haliwezi kusubiri. Paja hilo tupeni lote, pamoja na maji yake. Msikate sehemu ya kijani mkabakiza nyekundu. Osheni beseni, kisu na ubao kwa maji moto na sabuni kabla ya kugusa chakula kingine. Najua inauma kutupa nyama ya mnyama uliyemwinda kwa mkono wako, tena wa kwanza. Lakini humo ndani mna mama mjamzito na watoto wawili, na hakuna kilo za nyama zinazolingana nao.

Ulichokiona kina jina kwa wachinjaji wa huko: nyama kuchachia mfupani. Kiini chake ni joto. Wala si damu, wala si nzi, wala si mkosi wa mgeni katika uwindaji.

Kulungu akiwa hai, mwili wake una joto la nyuzi 39 hivi za Selsiasi, yaani 102 kwa vipimo vya huko, Farenhaiti. Akifa, joto hilo halizimiki kama taa. Misuli inaendelea kwa saa kadhaa kuchoma akiba yake ya sukari, na uchomaji huo wenyewe unatoa joto. Nilipokuwa mwanafunzi Morogoro, mwalimu wetu alituchomesha kipimajoto kirefu kwenye paja la ng'ombe aliyetoka kuchinjwa, ncha ifike mfupani. Tulitegemea kipimo kishuke. Kwa muda wa kama saa moja kilipanda. Nje ukigusa nyama imeshapoa na kukauka, ndani bado ni mwili wa mnyama hai.

Sasa mtazame dume wako. Paja lake ni mnofu mnene uliozunguka mfupa mkubwa, na joto la katikati lina safari ndefu mpaka litoke. Juu ya mnofu kuna ngozi, na juu ya ngozi kuna manyoya ya majira ya baridi ambayo kila unywele una uwazi ndani uliojaa hewa. Manyoya hayo yameumbwa ili mnyama alale kwenye theluji asipoteze joto, na akifa yanaendelea na kazi ileile. Ninyi mkamlaza ubavu mmoja, paja la chini likakandamizwa kwenye bati, kisha mkaongeza turubai. Pale nyongani, kiungoni, kuna ute usio na asidi na tezi ambazo mara nyingi huwa na bakteria wachache tangu mnyama akiwa mzima. Bakteria hao hawahitaji hewa. Katika hali inayowafaa, bakteria wanaweza kujizidisha mara mbili kila dakika 20. Wewe umewapa joto la mwili usiku mzima, toka jioni hadi asubuhi. Mabega yamesalimika kwa sababu ni membamba na yameshikiliwa na misuli tu bila kiungo cha mfupa na kifua, hivyo yanapoa haraka.

Kile kipimo cha nyuzi 48 ndicho kilichowadanganya. Mtu aliyekulia Kigoma akisikia nyuzi 48 za huko, ambazo ni kama 9 za kwetu, anavaa koti na kusema ni baridi kali. Kwa mwili wako ni kweli. Kwa nyama bado ni joto. Bakteria wa kuharibu chakula wanastawi kuanzia nyuzi 4 hadi 60, yaani 40 hadi 140 huko kwenu, na nyama inakuwa salama kukaa pale tu katikati ya paja, si juu ya ngozi, inapofika nyuzi 4.

Na mbuzi wa nyumbani? Hilo swali nimelipenda, kwa sababu jibu lake linafungua mengine yote. Kumbuka vizuri mlivyofanya. Mbuzi alichinjwa, na kabla damu haijakauka ardhini mtu alikuwa anamchuna akiwa ananing'inia mtini. Nusu saa baadaye hana ngozi, hana matumbo, upepo unampiga pande zote. Ni mnyama mdogo, nyama yake labda kilo 12 au 15. Kabla ya giza amekatwa vipande, robo imekwenda kwa jirani, supu iko jikoni, na iliyobaki imekaangwa au kuwekwa juu ya moshi usiku uleule. Mbuzi wenu hakulala na ngozi hata siku moja. Hatukujifunza kupoza nyama kwa sababu hatukuilaza. Huko Kentucky umepata mnyama wa uzito wa mwanamume mzima, saa ya magharibi, mbali na nyumbani, na mna mpango wa kumla mpaka Pasaka.

Kuhusu kumkata shingo: moyo ukishasimama hakuna kinachosukuma damu, kwa hiyo ukikata shingo ya kulungu aliyekufa utapata vijiko vichache. Risasi ya kifuani ilishamwaga damu nyingi ndani ya mbavu, nayo inatoka unapompasua. Damu iliyoganda humo iondoe, maana ni chakula cha bakteria, ila siyo iliyoharibu paja. Waislamu wanaosoma hapa waelewe sisemi juu ya kuchinja mnyama aliyekutwa bado hai. Hilo ni la dini yao na halidhuru nyama kabisa.

Mzee wa kanisani naye ana nusu ya ukweli. Moto unaua bakteria wengi. Haufuti kila sumu waliyokwisha kuacha, nyingine zinavumilia kuchemka, na nyama iliyooza haigeuki kuwa mpya ikichemshwa. Ndimu na chumvi hufanya kazi milimita chache za juu, hazifiki mfupani. Friza inawalaza bakteria tu. Nyama ikiyeyuka wanaamka na kuendelea pale walipoishia.

Sasa nyama iliyoko friza. Paja la pili, lile la juu, liyeyushe ndani ya friji, si mezani, kisha lipasue hadi mfupani na pua yako iwe karibu. Nyama nzuri ya kulungu ni nyekundu iliyokolea, nyeusinyeusi kuliko ya ng'ombe, na hilo lisikutishe. Harufu yake ni ya damu na chuma kidogo. Ukikuta utelezi, kijani, au harufu tamutamu ya kukera karibu na kiungo, lifuate lenzake. Lilipakiwa mfuko mmoja na lile bovu? Usihangaike kulipasua, tupa. Mnofu wa mgongo fanya hivyohivyo, kwa sababu upande mmoja ulilaliwa. Mabega, mbavu na shingo, kama ulivyoeleza, naona vina nafasi nzuri, ila shingo ya dume ni nene kama paja, ichunguze. Ukisimama na kipande mkononi, huna uhakika, unanusa mara ya tatu: hapo jibu umeshalipata.

Mke wako na watoto wasile kulungu huyu, hata yale mabega mazuri. Sababu si paja tu. Risasi nyingi za kuwindia zimetengenezwa kwa yale madini yaitwayo pia risasi, na ikigonga mfupa inavunjika vipande vidogo kuliko punje ya mchanga, vinavyosafiri ndani ya nyama mbali na tundu. Mwaka 2008 jimbo la North Dakota liliwaambia wagawaji wa chakula cha msaada watupe nyama ya kulungu ya kusagwa waliyochangiwa na wawindaji, baada ya kukutwa na madini hayo. Kwa mtu mzima kiasi kidogo huenda kisionyeshe kitu. Ubongo wa mtoto, na wa yule aliye tumboni, hauna kiasi kinachojulikana kuwa salama. Mwakani nunua risasi za shaba. Bei iko juu kidogo, lakini hazisambaratiki hivyo. Hata hizo zikitumika, kata nyama yote iliyovilia damu kuzunguka jeraha. Nyama ya mama mjamzito iive hadi nyuzi 71, yaani 160, katikati, kwa kuwa kulungu anaweza kubeba vimelea vya toksoplazma vinavyodhuru mimba.

Nikupeleke sasa mwakani, kwa mpangilio wa siku yenyewe.

Kazi inaanza kabla ya kufyatua. Kulungu aliyepigwa vibaya akakimbia maili nzima anatumia ile akiba ya sukari misulini. Sukari hiyo ndiyo baada ya kufa hugeuka asidi na kuishusha nyama kwenye kipimo cha uchachu (pH, namba ikishuka uchachu unazidi) kutoka karibu 7 hadi 5.6 hivi, hali ambayo bakteria hawaipendi. Aliyechoka hana cha kugeuza. Nyama yake inabaki nyeusi, ya kunata, na kuharibika upesi. Subiri akae ubavu, piga mapafu na moyo, aanguke karibu.

Akishaanguka na umehakikisha amekufa, mtoe matumbo hapohapo. Saa mbili mlizosubiri ni nyingi. Tumbo la mnyama anayecheua ni pipa linalochachuka. Moyo umesimama lakini majani yaliyomo yanaendelea kuchemka, yanatoa gesi na joto na kulipasha paja kwa ndani. Vaa glavu. Mlaze chali, kichwa juu ya mteremko. Zungushia kisu njia ya haja kubwa uilegeze. Kisha chana ngozi ya tumbo kidogo chini ya kidari, ingiza vidole viwili, inua ngozi juu, na kisu kipite katikati ya vidole makali yakiangalia mbinguni. Hapa usikimbie. Ukitoboa tumbo au kibofu, unamwaga ndani ya nyama kile ulichokuja kukitoa. Fika hadi nyonga. Kata kile kiwambo chembamba kinachotenganisha tumbo na kifua, kizungushe mbavuni kote, ingiza mkono juu hadi kooni, kata koromeo, shika na uvute. Kila kitu kinatoka kwa pamoja. Mgeuze kifudifudi damu imwagike, kisha weka kijiti katikati ya mbavu kifua kibaki wazi. Mkono wako ukiwa bado ndani ya kifua utahisi ule mvuke. Jioni ya baridi utauona kabisa ukipanda. Huo ndio mshitakiwa wetu, na sasa amepata mlango.

Kwenye miguu ya nyuma, kwa ndani ya kiungo cha kati, kuna vishungi vya manyoya meusi vyenye harufu kali. Ni tezi. Usizikate, na ukizigusa usishike nyama kwa mkono huohuo. Kijito msikitumie tena. Maji yake yanabeba kinyesi cha ng'ombe na cha kulungu wenzake, na unyevunyevu unawasaidia bakteria. Futa kwa taulo za karatasi. Uchafu wa matumbo ukigusa nyama, kata kipande hicho uondoe. Ukilazimika kuosha, tumia maji ya kunywa kisha kausha.

Ngozi itoke lini? Hapa wawindaji wa huko watabishana nawe mpaka alfajiri. Msimamo wangu ni huu: kama usiku hautashuka chini ya nyuzi 4, ngozi itoke jioni ileile. Kama kuna baridi ya kweli, ya maji kuganda, unaweza kumning'iniza na ngozi yake bandani, kifua wazi, turubai lisimguse, na ngozi itazuia nyama isikauke. Msimu wa upinde wa Kentucky unaanza Septemba, kukiwa na joto la jasho. Mwezi huo hakuna mjadala, chuna, kata robo nne, ingiza kwenye barafu.

Barafu yenyewe ina hesabu yake. Nyama na mifupa ya kilo 30, kuishusha kutoka nyuzi 39 hadi 4, itayeyusha barafu kama kilo 11. Joto la nje na la deli lenyewe, lile sanduku la kutunza baridi, litakula nyingine. Kwa hiyo usiende msituni na mfuko mmoja wa dukani. Beba kilo 20, na kabla ya hapo gandisha chupa za maji zile kubwa, uzipachike kifuani na katikati ya mapaja wakati mnamkokota kwenda kwenye gari. Ndani ya deli, barafu chini, nyama katikati ndani ya mifuko safi, barafu juu, kizibo cha chini kikiwa wazi maji yatoke. Nyama ikiogelea inapauka, na maji yale ya damu yanasambaza uchafu kutoka kipande hadi kipande. Nunua kipimajoto cha jikoni chenye mshale mrefu. Kichome hadi karibu na mfupa wa paja. Hakuna jicho wala uzoefu wa mtu unaokizidi hicho.

Utasikia pia kwamba nyama ikipozwa haraka sana inakuwa ngumu. Ni kweli. Misuli ikishuka chini ya nyuzi 10 kabla ya mwili kukakamaa, inajikunja na kubaki migumu, na ndiyo maana hupaswi kutupa paja la moto moja kwa moja ndani ya friza. Lakini joto likiwa juu, nipe nyama ngumu iliyo salama. Ugumu unatibika kwa kuiacha siku tatu hadi saba ndani ya friji ya nyuzi 1 hadi 4, na kuipika polepole.

Njia rahisi kuliko zote ni kumpeleka jioni ileile kwa wachinjaji wenye chumba cha baridi. Wengi msimu wa bunduki hufungua hadi usiku. Gharama huenda ikafika dola 100 au zaidi, na kwa mtu anayeanza, bila banda, bila friji ya pili, ni pesa iliyotumika vizuri. Ulizia kabla ya siku ya kuwinda, si ukiwa na kulungu garini. Mwombe mwenye bucha akuruhusu kutazama akichuna. Saa moja ya kusimama pale itakufundisha kuliko barua yangu.

Jambo la kichwa. Kulungu wa Marekani wanapata ugonjwa wa kukonda na kudhoofika unaoitwa kwa kifupi CWD, uliotambuliwa mara ya kwanza Colorado mwaka 1967. Kentucky ilithibitisha wa kwanza Desemba 2023, katika kaunti ya Ballard. Hakuna binadamu anayejulikana kuupata kwa kula nyama, lakini kinachouleta ni protini iliyopinda ambayo moto wa jikoni hauiharibu, na ushauri wa serikali ni kutomla mnyama aliyekutwa nao. Kulungu mgonjwa mara nyingi anaonekana mzima kabisa. Kama kichwa bado unacho, piga simu idara ya wanyamapori ya jimbo uulize pa kukipeleka kupimwa, na usile kabla ya majibu. Sisi tunaopenda supu ya kichwa na ubongo tuiache kwa mnyama huyu, pamoja na uti wa mgongo, wengu na tezi. Na nyama ya kulungu wa kuwinda haiuzwi huko, hata kwa waumini wenzako baada ya ibada. Kugawa ruksa.

Wakikuomba uikaushe kwa moshi kama nyumbani, vizuri, lakini ipashe kwanza hadi nyuzi 71 ndipo uianike. Oregon, mwaka 1995, watu waliugua bakteria ya E. coli kwa kula nyama ya kulungu iliyokaushwa nyumbani bila kufikia joto la kutosha.

Je, kuna aliyeonja lile paja? Kutapika au kuhara kwa siku moja, kunywa maji ya chumvi na sukari na kupumzika hutosha kwa mtu mzima mwenye afya. Ukiona damu kwenye choo, homa inayopita nyuzi 39, mtu haachi kutapika, mtoto halii machozi au hakojoi, nendeni hospitali saa hiyohiyo. Mkeo akipata homa yoyote au kuhara baada ya kula, asisubiri dalili hizo. Aende na aseme wazi kwamba ni mjamzito na alikula nyama ya kuwinda. Ombeni mkalimani wa Kiswahili, hospitali hutoa bila malipo.

Majibu ya kichwa yakirudi safi, wewe na rafiki yako chukueni bega lile la upande usio na jeraha. Ondoa mafuta yote meupe, maana ya kulungu yanaganda mdomoni kama nta na ndiyo yanayoleta harufu ambayo watu wanaisingizia nyama. Hapo sasa mwombe mkeo ndimu nyingine, kitunguu saumu na tangawizi, ilaze usiku mmoja ndani ya friji, na uichemshe taratibu na mfupa wake kwa saa tatu.